Nzi Waliooshwa

Mtu akiniuliza ninafanya kazi gani, nikimjibu husubiri nicheke ili naye acheke. Sicheki. Ninatazama picha za nzi na kusema huyu ni nani. Ndiyo kazi, ina mshahara, na wapo watu waliosoma kuliko mimi wanaosubiri jibu langu. Kando ya mto Ruvuma, kule unakokaribia kuingia baharini, wanavijiji wametegeshewa mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi. Akinaswa nzi, anapigwa picha kwa simu, na picha inaletwa kwangu Mtwara mjini. Mimi naivuta kwa vidole viwili ikue, halafu nasema. Huyu ana mistari minne mgongoni, nzi wa nyumbani, mtupeni. Huyu wa kijani ni wa mizoga, mtupeni naye. Huyu mwenye macho makubwa ya rangi rangi ni pange, pole kwa aliyeumwa. Na huyu, ngojeni kwanza, msimguse: huyu ni mbung'o.

Mbung'o ndiye tunayemtafuta. Anabeba malale, ugonjwa unaoanza na homa ukadhani ni malaria, kisha mtu analala mchana, anakesha usiku, anachanganya maneno, na asipotibiwa anakufa. Kumtambua si kazi ngumu ikiwa ameachwa alivyotua. Nzi wengi wakitua huacha mabawa wazi, moja huku, moja kule. Mbung'o hulaza bawa moja juu ya lingine, mkasi uliofungwa. Picha ikiwa safi sana utaona pia mishipa ya bawa imechora umbo la shoka dogo. Yuko nzi wa zizini anayefanana naye, naye anauma, naye mdomo wake umechomoza mbele kama sindano, lakini huyo mabawa huyatandaza. Kwa hiyo kesi yote iko kwenye mabawa. Nimelisema jambo hili nyumbani mara nyingi mpaka baba yangu, ambaye shule aliipita njiani tu, alilishika kuliko sura ya Yasini.

Mume wangu alianguka bafuni asubuhi moja. Presha. Alasiri tukamzika.

Nikaingia eda. Kwa asiyejua, mjane kwetu hukaa katika nyumba ya marehemu miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajifukizi, hapaki hina, hatoki ila kwa dharura, na hata kwa dharura hatakiwi kulala nje. Sikulazimishwa. Nilimpenda mume wangu na nilitaka kumkalia eda yake. Ila kupenda jambo hakukuzuii kuziona kuta zake. Nyumba yetu iko Ufukoni, vyumba viwili na ua uliozungushiwa matofali, bahari unaisikia lakini huioni. Baada ya wiki chache nilijua kila ufa wa dari. Nilijua nzi wa mle ndani wote, yupi hupenda kikombe na yupi hupenda kamba ya kuanikia, na wakitoka dirishani niliwaonea wivu. Nzi! Mtu mzima na akili zangu namwonea wivu nzi.

Mama mkwe alihama kwake Magomeni, hapahapa Mtwara, akaja na godoro lake. Alilitandika sebuleni, mbele ya mlango wa nje. Hakusema analinda. Alilitandika tu mahali ambapo huwezi kuufikia mlango bila kumruka. Ni mwanamke mwembamba, mpole wa sauti, na sijapata kuona mtu mwenye masharti mengi kama yeye. Nisisimame dirishani. Nisijitazame kwenye kioo. Nisicheke kwa sauti. Nusu ya hayo hayamo katika kitabu chochote, lakini nani abishane na mama aliyemzika mwanawe?

Tulipofika kwenye simu tukagongana.

"Simu nayo ni dirisha," akasema.

"Mama, ni kazi. Nikikaa bure nitaota ukungu."

Akaichukua, akaishika mbali na uso kwa sababu ya macho yake, akatazama. Nzi wafu, safu kwa safu. "Hawa ndio kazi?"

"Ndio hawa."

Akafikiri kidogo. "Haya. Nzi si mwanamume. Watazame."

"Wengine ni madume, mama."

"Astaghfirullahi!" akasema, lakini nilimwona anauma mdomo asicheke.

Basi nikawa nakaa mkekani na simu yangu, nje dunia inapita, bodaboda zinapiga honi, mtu anakaanga samaki harufu inaniua, nami nasema: nyumbani, nyumbani, mzoga, pange, nyumbani. Siku nyingine zilikuwa hivyo tu tangu chai hadi magharibi. Nililia kidogo kila siku, kwa zamu, kama mtu anayemeza dawa.

Kisha mama mdogo akapiga simu. Mama mdogo ni mke wa baba, aliolewa mama yangu alipofariki, na wanaishi kijijini, mbele ya Madimba ukielekea mtoni. Wana mikorosho, wana mihogo, na baba ana jaruba la mpunga bondeni karibu na mikoko. Sauti yake ilikuwa na wasiwasi.

"Ntoto wangu, baba yako analala."

"Si alale. Amechoka."

"Analala nchana. Anakula analala. Jana kalala tonge liko nkononi."

Nikakaa wima. Nikamuuliza homa. Ndiyo, mwezi uliopita, ikaja ikaenda. Zahanati wamempima malaria, hakuna, wakampa vidonge, wakasema uzee. Nikamuuliza usiku je? Usiku anatembea uani akiongea peke yake. Kisha nikakumbuka ovaroli. Wakati wa ujenzi wa mitambo ya gesi baba alipata kibarua, wakampa ovaroli ya buluu, na mpaka leo huivaa shambani kwa fahari kama suti. Mbung'o anavyopenda buluu! Ndiyo maana mitego yetu tunaishona kwa kitambaa hicho. Baba yangu alikuwa anakwenda bondeni kila asubuhi akiwa amevaa mtego.

Nikamwomba ampe simu. "Baba, nenda hospitali ya mjini wakupime malale."

"Malale ya wapi? Huku hakuna mbung'o. Ni nzi tu."

"Baba, tafadhali."

"Nikienda watanilaza. Wakinilaza, nani atakuja kukutoa eda? Nimekwisha sema nitakuja mwenyewe. Siku yako ikifika, nitavaa kanzu yangu, nitapiga hodi hapo, tutatoka wote." Akanyamaza. Nikadhani amekata, kumbe amesinzia. Nikaita kwa nguvu, akarudi. "Sikiliza. Wewe si ndiye mjuzi? Mama yako mdogo atakutumia picha za nzi wa huku. Ukimwona mbung'o, niambie. Nitakwenda siku hiyohiyo. Sikwenda shule lakini sibishani na kazi ya mtu."

Nilifurahi! Nikasema hili ni jepesi. Sikuwa nimemhesabu mama mdogo.

Picha ya kwanza ilikuja kesho yake. Nzi sita, wamelazwa juu ya kitambaa cheupe cha kutarizi, kile cha kufunikia sahani za wageni. Mabawa yote yametandazwa kulia na kushoto, yamenyooshwa sawasawa. Pembeni ameweka ua la asmini. Chini yake sauti yake: "Ntoto wangu, nimewaosha kwanza, walikuwa na vumbi na damu damu. Nikawanyoosha. Wamependeza?"

Wameoshwa! Kwa sabuni! Nilishika kichwa. Bawa la nzi ukilitia maji hujikunja, hunatana, huchanika, mishipa yote inakuwa uji. Lile shoka la kwenye bawa hulioni tena. Na mabawa ukishayafungua kwa kidole, hakuna mjuzi duniani atakayekuambia yalikuwa yamefungwaje. Alama zote mbili nilizozitaka, mama mdogo alikuwa amezifuta kwa adabu.

Na simlaumu kwa kutojua, maana nilijua kabisa imetoka wapi. Kwetu hupigi picha hovyo. Mtoto akipigwa picha anaoshwa, anapakwa mafuta, anavalishwa za Idi. Mzee akipigwa picha anasimama wima na kofia yake, mikono kando, hacheki. Na maiti naye huoshwa, hunyooshwa, hulazwa kwenye kitambaa cheupe. Mama mdogo alikuwa na maiti sita na kamera mkononi, tena anamtumia mtu aliye eda. Alifanya mara mbili kila alilofundishwa.

Hayo nayasema leo. Siku ile nilimfokea. "Usiwaoshe! Usiwanyooshe! Nitumie alivyokaa!" Akalia. Akaahidi. Kesho yake zikaja nyingine. Kweli hakuwaosha. Amewapaka mafuta ya nazi kidogo wang'ae. Mabawa yako wazi kama wanataka kukumbatiwa. Juu ya hayo simu yake ilikuwa na ile kamera ya urembo inayolainisha nyuso za watu, na nzi wale wamelainishwa mpaka hawana hata nywele. Nikamwelekeza kuizima, hakuona wapi. Nikamwomba amtafute jirani aizime, akasema jirani ataonaje kwamba nyumbani kwetu tunapiga picha nzi?

"Mama mdogo, huyo mabawa ulimkuta nayo hivyo?"

"Hapana, alikuwa kayabana bana, vibaya. Nikamweka vizuri."

"Kayabana vipi? Moja juu ya jingine?"

"Sasa mimi najua? Nilishampiga kandambili."

Nikicheka leo, siku zile sikucheka. Kila siku iliyopita baba alilala zaidi. Mama mdogo aliniambia amemkuta amelala jarubani, amekaa, jembe limeegemea bega. Akasema baba alimwita yeye kwa jina la baba mkubwa aliyekufa zamani. Nami niko Ufukoni natazama nzi waliopakwa mafuta, najua ninachokijua, na siwezi kukiona.

Basi nikadanganya. Nilichukua picha moja, mbaya kuliko zote, nikaandika: HUYU NI MBUNG'O. BABA NENDA LEO. Hata dakika kumi hazikupita, simu ikaita.

"Siku hizi mbung'o anatandaza mabawa?" Ni baba.

"Mama mdogo ndiye aliyeyatandaza."

"Sasa wewe umemjuaje?"

Shoka sikuliona na alijua sikuliona. Nilimfundisha mwenyewe, barazani kwake, kwa majivuno, kwamba bila mabawa mtu asiseme mbung'o, na anayesema ni mwongo au ni mvivu.

"Mwanangu," akasema polepole, ulimi mzito, "eda inakuchosha. Usinitishe na usijitishe. Nitakuja kukutoa." Akakata.

Niliitupa simu kwenye godoro. Nikajifunga kanga mbili, nikaenda mlangoni, na pale pamekaa mama mkwe anachambua mchele.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa baba. Anakufa."

"Nani kasema anakufa? Mwenyewe kasema anasinzia." Hakupandisha sauti. "Na barabara ya bondeni mvua imeikata, jana tu wamesema. Ukienda utalala huko."

"Na nilale!"

Akaweka ungo chini. "Mimi nimemzika mwanangu. Sina sadaka ya kumpa yenye thamani, sina hija ya kumhijia. Nina hii eda yako tu. Ukilala nje, nitakuwa sina hata hiyo."

Nilitaka kumchukia, ningepata pa kuweka hasira zangu. Sikuweza. Nilirudi chumbani nikalala kifudifudi, na alipokuja kunibembeleza nile sikumjibu. Sisi wawili tulikuwa tumefungiwa nyumba moja, na ufunguo hakuwa nao yeyote kati yetu.

Siku ya pili yake, mchana, ikaja picha moja peke yake. Mama mdogo alikuwa na huruma, na nadhani alitaka tupatane. Sauti yake ilikuwa ya kunong'ona: "Nimempiga kwa siri ili umwone baba yako. Amekataa kupigwa picha kwa kuwa kakonda. Hajapendeza, nisamehe, sikupata hata kumfuta mate."

Baba alikuwa amelala juu ya mkeka barazani, ovaroli ya buluu imefunguliwa kifungo kimoja, mdomo wazi. Lo, baba yangu! Mashavu yameingia. Mkono umewekwa kifuani, tena si mkono wa mtu aliyepumzika, ni mkono ulioanguka pale. Niliivuta picha ikue, uso wake ukajaa kioo kizima, nikaanza kulia kwa sauti bila kujali sharti lolote. Mama mkwe akaja mbio. Akachuchumaa nyuma yangu, akanyoosha shingo, akatazama na yeye. Alinyamaza kwa heshima, ni mkwe mwenzake. Kisha ustaarabu ukamshinda.

"Hata nzi hawamfukuzii?"

"Nzi gani?"

"Huyo hapo. Kwenye ukosi."

Machozi yalikuwa yamenijaa, niliona buluu tupu. Nikajifuta kwa kanga. Nikaisogeza picha kutoka usoni kwake, taratibu, mpaka kwenye ukosi. Akanitazama mtu wangu. Mkubwa kuliko nzi wa nyumbani, rangi ya kahawia, mistari kwenye tumbo, mdomo umechomoza mbele, na mabawa yamelala mgongoni, moja juu ya lingine, yamefungwa. Hakuna aliyemwosha. Hakuna aliyemnyoosha. Mama mdogo hakuwa hata amemwona.

Nilipiga ukelele ambao majirani walidhani tumefiwa tena. Mama mkwe akaenda ukutani kuwatuliza: "Hakuna kitu, hakuna kitu, kaona nzi!" Sijui walielewa nini.

Niliikata ile picha nikabakisha ukosi na nzi tu, nikamtumia mama mdogo, nikamwambia amwamshe baba sasa hivi, kwa maji ikibidi, amwoneshe na asiseme neno. Alinisimulia baadaye. Alisema baba aliishika simu kwa muda mpaka akadhani amesinzia tena. Kisha akasema, "Mkasi." Akajitazama ukosi. Akavua ovaroli pale pale barazani mbele ya watu, akaitupa, akaomba viatu.

Walimvusha bondeni kwa kumbeba, upande wa pili pikipiki, kisha gari. Mjini wakamtoa damu, na kwenye hadubini vijidudu vya malale walivikuta vinaogelea. Mganga akasema lazima aende Dar es Salaam, wampime maji ya uti wa mgongo, dawa yake iko huko. Mambo yalikwenda haraka, haraka niliyokuwa nikiiomba, na haraka hiyohiyo ikanipita. Simu iliponifikia asubuhi, gari la wagonjwa lilikuwa limekwisha kuipita Mikindani, baba na mama mdogo ndani, wanaelekea Dar. Baba alikuwa ndani ya mji huu usiku mzima, bodaboda ya dakika chache kutoka hapa, na sikujua. Nilimwambia mama mkwe. Alikaa kwenye godoro lake akajifunika uso na mtandio. "Ningekuruhusu," akasema. "Wallahi kwa hilo ningekuruhusu." Dar ilikuwa kwenda na kulala, hilo hatukulizungumza tena.

Hapo ndipo nilipofungwa kweli. Yale ya mwanzo yalikuwa kukaa ndani. Niwaeleze kitu ambacho kila Mswahili anakijua. Mtu aliyefiwa haambiwi msiba mwingine kwenye simu. Anaambiwa mgonjwa anaendelea vizuri. Anaambiwa hivyo mpaka watu wa kumshika wawe wamefika, wamekaa, wamemshikisha glasi ya maji. Mimi mwenyewe nimewahi kumwambia mtu hivyo, maiti iko chumba cha pili. Sasa ni wiki ya ngapi, nampigia mama mdogo, naye: "Anaendelea vizuri."

"Nipe niongee naye."

"Amelala."

Nikipiga asubuhi amelala. Nikipiga alasiri amelala. Bando ikiisha siku mbili kimya, kisha: "Anaendelea vizuri, ntoto wangu, usijali." Sauti ile ile, imeoshwa, imenyooshwa. Ningefanya nini na sauti kama ile? Nilirudi kwenye nzi wangu. Nyumbani, nyumbani, mzoga. Mama mkwe akawa anakaa nami, anauliza huyu nani, huyu nani, ili nisipate nafasi ya kufikiri. Sijawahi kumshukuru kwa hilo, namshukuru hapa.

Siku ya kutoka eda ikafika. Asubuhi wakaja wanawake wa mtaa, wakaniogesha, wakanivika kanga mpya na gauni jipya, mama mkwe akafukiza udi nyumba nzima. Alikuwa ameamka mapema akalikunja godoro lake. Mlango ulikuwa wazi, wazi kabisa, jua limeingia mpaka katikati ya sebule. Viatu vyangu vimewekwa kizingitini. Wanawake wakasema haya, toka. Nikasema nangoja kidogo. Baba alisema atapiga hodi, nilijua hawezi, lakini nilitaka angalau kusikia sauti yake kabla sijavuka. Nikapiga. Inaita, haipokelewi. Nikapiga tena.

Ndipo ikaingia picha.

Baba amekaa kwenye kitanda cha hospitali. Kanzu nyeupe, kofia ya kufuma, mikono imewekwa juu ya magoti, sambamba. Mto umesimamishwa nyuma ya mgongo. Shuka limenyooshwa halina hata kunyanzi. Uso umelainishwa na ile kamera, hauna mstari wala kivuli, na macho, chini ya ukingo wa kofia, sikujua kama yako wazi au yamefumbwa. Chini ameandika: Baba yako anakupa hongera.

Wale wanawake walipiga vigelegele. Mimi nilikaa chini. Niliikuza picha ile mpaka ikawa madoa. Nilitafuta shingo, kama imejishika yenyewe au imeegemezwa. Nilitafuta vidole. Nimetazama maelfu ya viumbe waliokufa wakiwa wamewekwa vizuri, na mtu aliyemweka huyu nilimjua kuliko mtu yeyote, nilijua anavyonyoosha, nilijua anavyoosha. Mwanamke yule angeweza kabisa kufanya hivi. Angenivusha siku yangu kwanza, kisha ndiyo aniambie. Lingekuwa jambo la huruma kwake.

Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Mama mkwe akasogea akaona uso wangu, akaichukua simu, akaishika mbali kama kawaida yake. Hakuniambia ni mzima. Akanirudishia tu.

Nikaandika: Mama mdogo. Nitumie alivyo. Usimguse. Alivyo sasa hivi.

Tukangoja. Hakuna aliyesema nitoke. Mtandao ukawa unazunguka, unazunguka. Mwanamke mmoja akaanza kusoma Yasini kwa sauti ya chini na mama mkwe akamkata jicho akanyamaza. Nilitazama kile kizingiti na viatu vyangu vipya, hatua mbili tu. Miezi yote nililia nataka kutoka, na sasa ningelipa chochote niambiwe kaa ndani.

Picha ikafunguka kutoka juu kwenda chini, kipande kipande. Kwanza dari. Kisha kofia, imeanguka upande. Kisha jicho moja, limekodoka kwa hasira. Mdomo wazi, meno yake matatu ya mbele yote yanaonekana, katikati ya neno. Chai imemwagika kifuani kwenye kanzu nyeupe, doa kubwa la kahawia. Na mbele ya vyote mkono, mkubwa, hauna umbo, ukungu mtupu kwa jinsi ulivyokuwa unakwenda kasi.

Chini yake sauti. "Nisamehe ntoto wangu, picha mbaya hii, ningekutumia ile tu. Baba yako nkorofi sana tangu apone. Nimenpanga saa nzima, kanwaga chai. Nilimwambia atulie, kakataa, anafukuza nzi." Na nyuma yake, mbali kidogo, sauti nzito niliyoifahamu kabla sijajua kusema: "Nwambie bado ananidai hodi!"

Saa sita mchana, jua la utosi, na baba yangu yuko macho anagomba na nzi.

Mama mkwe akanishika bega, hofu imemjaa usoni, akaniuliza, "Mwanangu, vipi? Mzima?"

"Anagomba, mama," nikasema. "Anagomba."

Akainama, akaniwekea viatu sawasawa mbele ya miguu, kiatu cha kulia, kiatu cha kushoto.

"Basi vaa," akasema, "utoke."